Shajara ya mradi: kuiingiza laptopu ya 2005 kwenye wifi ya nyumbani

Ijumaa usiku

Mradi wenyewe ni huu. Kuna laptopu ya mjomba ya mwaka 2005, prosesa AMD Turion 64, RAM GB 1, diski ya IDE ya GB 80 ambayo ajabu bado inazunguka freshi tu, na inatakiwa iingie kwenye wifi ya nyumbani, basi. Haitakiwi kuonyesha video wala kuchezea gemu. Mjomba anataka aandike barua zake, asome imeili na atume kazi kwenye printa bila kuzunguka na flashi mkononi, na kibodi ya hiyo mashine anaipenda kuliko ya mashine yoyote mpya, na ukiigusa unamwelewa maana vitufe vinazama kweli, sio hizi za siku hizi unaandika kama unagonga meza.

Najua swali la kwanza, si uchomeke kebo umalize kazi? Tundu la kebo lipo, ila ukimulika kwa tochi ya simu unaona pini mbili za pembeni zimelala moja juu ya mwenzake. Inaelekea kuna mtu zamani alichomeka waya wa simu ya mezani humo, kale kajeki kadogo kanaingia bila ubishi na kanakandamiza pini za pembeni. Hizo nitazinyanyua kwa sindano siku nyingine. Kwa sasa kebo hamna.

Ruta ni ya kisasa, ina masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, yote yanatumia jina moja la mtandao, na ulinzi, yaani njia ya kukagua paswadi na kuficha mawasiliano hewani, umewekwa WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Laptopu nayo nimeiingia kwenye Device Manager ya Windows XP nikasoma namba ya kadi: VEN_14E4, DEV_4318. Hiyo namba ndio kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye mradi wa namna hii, kabla ya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi), kabla ya kulalamika, maana stika ya chini ya mashine inaweza kukudanganya lakini namba haidanganyi. 14E4 ni kampuni ya Broadcom, 4318 ni chipu yake ya BCM4318, inajua viwango vya wifi vya 802.11b na 802.11g tu. Ya kwanza ni ya 1999, mwisho Mbps 11, ya pili ya 2003, mwisho Mbps 54, na zote zinaongea kwenye GHz 2.4 peke yake. Kwa hiyo GHz 5 tusiizungumzie tena, kwa hii kadi haipo duniani.

Jumamosi asubuhi

Nimeanza na XP iliyokuwemo humo humo, nione inafika wapi kabla sijafuta chochote. Jina la mtandao inaliona. Ukibofya, inafikiria, inafikiria, halafu inarudi pale pale. Nikaenda kwenye sifa za mtandao, sehemu ya kuchagua ulinzi, kuna Open, Shared, WPA na WPA-PSK. WPA2 haipo kabisa kwenye orodha, yaani mashine inagongewa mlango kwa lugha ambayo haijawahi kuisikia.

Sababu ni kwamba hii ilikuwa XP yenye SP2 (Service Pack 2, furushi kubwa la masasisho), ya 2004. SP2 ndio iliyoleta WPA ndani ya XP yenyewe, WPA2 ikaja baadaye kwa sasisho la pembeni, namba yake KB893357, la 2005, halafu SP3 ya 2008 ikaijumuisha humo humo. Mtu mwenye XP ya SP2 ambayo haijawahi kusasishwa anaweza kuhangaika na paswadi mpaka kesho na paswadi haina kosa lolote.

Hapo binamu akapita nyuma yangu akasema si uiweke ruta kwenye WEP tu, enzi zile ndio tulikuwa tunatumia. Nikamwambia kaka hapana, na naomba niliseme hapa kwa kirefu kidogo maana huu ushauri bado unazunguka sana. WEP, ulinzi wa wifi uliotangulia WPA, ilivunjwa hadharani 2001, na kufika 2007 watafiti wakaonyesha ufunguo wake wa biti 104 unapatikana chini ya dakika moja. Ukiweka WEP ni kama hujaweka kitu, na hujaifungulia laptopu ya mjomba peke yake, umefungulia simu zote, kompyuta zote na kila kilichomo ndani. WPA ya zamani ya TKIP (njia yake ya kusimba data) nayo ina lake, kiwango cha 802.11n na vilivyofuata haviruhusu kasi zao mpya zitumike na TKIP wala WEP, kwa hiyo ukishusha mtandao mzima mpaka TKIP ili kumfurahisha mzee mmoja, vifaa vyote vya kwenye mtandao huo vinashuka naye mpaka Mbps 54. Halafu jioni watu wanaanza kuuliza intaneti ina nini leo.

Nilichofanya ni kuwasha mtandao wa wageni kwenye ruta, GHz 2.4 peke yake, WPA2 tupu ya AES (usimbaji imara zaidi ya TKIP), WPA3 nje. Ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kinadharia unatakiwa umkubali mteja wa zamani, maana ile kinga ya PMF (ya kulinda ujumbe wa usimamizi kati ya ruta na kifaa) inakuwa ya hiari, inakuwa lazima WPA3 ikiwa peke yake. Kiutendaji draiva za enzi hizo zingine zikikutana na tangazo la ruta lenye vitu zisivyovijua zinazubaa tu, hazikatai wala hazikubali. WPA2 tupu inaondoa ubishi.

SP3 nilikuwa nayo kwenye CD, faili lina zaidi ya MB 300, ikala muda wake. Baada ya kuzima na kuwasha, WPA2-PSK ikatokea kwenye orodha. Nikaandika paswadi, ikakubali! Halafu chini pale kwenye kona kikaja kile kipembetatu cha njano, limited or no connectivity. Nikafungua ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya mashine kwenye mtandao, anwani 169.254 na mkia wake. Ukiona 169.254 jua kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajitungia ya kwake. Mlango umefunguka ila hakuna aliyekukaribisha ndani.

Jumamosi mchana

Nikajua kuna kitu kimwili. Laptopu ikiwa mezani karibu kabisa na ruta inapata anwani halali. Ukihamia chumba cha pili, 169.254. Vibao vya nguvu ya mawimbi viwili, mara kimoja, mara hamna, na simu yangu imekaa hapo hapo juu ya meza ile ile ina vibao vyote. Draiva haina tabia ya kujali upo chumba gani, antena ndio inajali.

Nikazima, nikatoa chaja, nikatoa betri (muhimu, usifungue mashine yenye umeme), nikaipindua. Chini kuna vifuniko, cha RAM, cha diski, na kimoja kidogo chenye skrubu mbili ambacho ndani yake ndio inakaa kadi ya wifi, kadi ya Mini PCI, imelala kwenye soketi inayofanana na ya RAM, imeshikwa na vibanio viwili vya chuma pembeni. Kwenye kona ya kadi kuna vinundu viwili vya dhahabu, vidogo kuliko punje ya mchele, na hivyo ndivyo vinavyopokea waya za antena, mmoja mweusi mmoja mweupe, zinazopita kwenye bawaba na kupanda mpaka pembeni mwa skrini. Watu wengi hawajui kwamba antena ya laptopu iko kwenye skrini.

Mweupe ulikuwa umeshika. Mweusi ulikuwa umelala pembeni ya kadi, kichwa chake kikiwa umbali wa ukucha tu kutoka kwenye kinundu, na umekaa hivyo muda mrefu maana ulikuwa umejikunja na vumbi limeufuata ule mkunjo. Mashine imewahi kuongezwa RAM, nadhani hapo ndipo ulipong'oka. Kuurudisha kuna ufundi wake, unaweka kichwa sawasawa juu ya kinundu, unakandamiza kwa kucha ya kidole gumba wima kabisa, ukisikia mlio mdogo wa tik umeingia. Ukikandamiza kwa upande unapinda mdomo wa kichwa na hapo sasa unatafuta waya mwingine. Nikapuliza vumbi, nikafunga.

Nikawasha, chumba cha pili, vibao vinne. Anwani 192.168 na kuendelea. Ni hilo tu. Ningekuwa wa kuamini kila ninachosoma ningeshabadilisha draiva mara kadhaa hapo katikati.

Jumamosi jioni

Sasa tuko kwenye mtandao kwa XP, na hapa ndio mradi ulipogeuka. Ping, ile amri ya kupima kama upande wa pili unajibu, inaenda, ya ruta inarudi, ya nje inarudi. Nikafungua Internet Explorer 8, ambayo ndio mwisho wa XP, kila ukurasa ni cheti hakifai, cheti hakifai. Nikatazama saa pale kwenye kona, Januari 2005. Betri ndogo ya CMOS, ile bapa ya CR2032 inayoitunza saa, imekufa, kwa hiyo kila ukitoa chaja na betri kubwa saa inarudi tarehe ya kuzaliwa kwake. Na cheti cha tovuti, ile hati ya kuthibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayoamini tuko 2005 inakiona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijazaliwa. Hii inawachanganya watu sana kwenye mashine za zamani, wanasema wifi imeunganishwa ila haileti kitu, kumbe wifi haina hatia.

Nikarekebisha saa kwa mkono. Tovuti chache zikafunguka, nyingi bado zimegoma, na hizo zilizogoma sasa haziongelei tarehe. Hapo tena hakuna ujanja kwa XP yenyewe, brauza ile inaishia TLS 1.0 (TLS ni usimbaji wa kurasa za https) na seva nyingi za sasa zinaanzia TLS 1.2. Na sapoti ya XP iliisha 8 Aprili 2014, tangu hapo ikitokea tundu hakuna wa kuliziba.

Kwa hiyo uamuzi, XP inatoka. Ningetaka mashine ya kucheza gemu za zamani bila intaneti ningeiacha, hata ningeisifia. Lakini kuipeleka mtandaoni, kwenye nyumba yenye watu, hapana. Mjomba alikuwa na wasiwasi na barua zake, tumezihamishia zote kwenye diski ya nje tukazifungua kwenye kompyuta nyingine moja moja mpaka akaridhika.

Betri ya CMOS nimebadilisha hapo hapo, kwenye hii mashine iko chini ya kifuniko cha RAM, nilikuwa na bahati. Zingine inabidi ufumue kibodi nzima.

Jumapili asubuhi

Debian 12, mfumo wa Linux, ndio unaingia badala ya XP. Turion 64 ni ya biti 64 kwa hiyo nimetumia toleo la kawaida la amd64, na wenye mashine za biti 32 waangalie mapema kabla hawajajifunga maana Debian 13 ya 2025 haitoi tena kiinstola cha i386, yaani cha biti 32. Mazingira ya skrini nimechagua LXQt, mepesi, kwa sababu ya hiyo RAM ya GB 1.

Kuanzia Debian 12 kiinstola kinakuja na fimwea za kadi nyingi humo humo, zamani ilikuwa unaitafuta kwa flashi ya pembeni. Kadi nyingi, ila sio hii. Fimwea ni ile programu ndogo ambayo kompyuta inaimiminia kadi kila inapowaka, bila hiyo kadi ni kipande cha bati. Ya hii chipu haina ruhusa ya kusambazwa upya na watu wengine, kwa hiyo Debian hawawezi kuiweka kwenye diski yao. Walichoweka ni kifurushi kinachoitwa firmware-b43-installer, ambacho ukikiinstoli kinaenda mtandaoni, kinashusha draiva asili, kinaichana na kutoa fimwea ndani yake.

Umeona mtego ulipo? Ili upate wifi unahitaji fimwea, ili upate fimwea unahitaji intaneti. Na kebo ndio ile pini zimelala.

Dawa ni simu. Simu ya Android, waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Linux inaiona kama kadi ya mtandao ya kebo bila kuinstoli chochote. Na kitu ambacho wengi hawakijui, simu ikiwa yenyewe imeunganishwa kwenye wifi ya nyumbani basi inapitisha hiyo hiyo wifi kwenye waya, bando lako haliguswi. Hivyo ndivyo nilivyomaliza kuinstoli mfumo mzima, simu ikining'inia pembeni.

Mfumo ulipowaka nikapiga dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), ujumbe uko wazi kabisa, na b43 ndio draiva ya hii kadi:

b43-phy0 ERROR: Firmware file "b43/ucode5.fw" not found

Napenda kosa la namna hii, linakutajia mpaka jina la faili. Nikaongeza contrib (fungu la vifurushi vilivyo nje ya orodha kuu) kwenye orodha ya vyanzo vya apt, programu ya Debian ya kuinstoli vifurushi, halafu nikainstoli na kuipakia b43 upya:

sudo apt install firmware-b43-installer
sudo modprobe -r b43
sudo modprobe b43

Ikashusha, ikachana, ikaweka mafaili kwenye /lib/firmware/b43, na taa ya wifi juu ya kibodi ikawaka bluu.

Tahadhari kwa wenye kadi hii. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa instoli broadcom-sta-dkms. Ile ni draiva ya chipu zingine, 4318 haimo kwenye orodha yake, na ubaya wake ikiingia inaweka faili la kuizuia b43 isipakiwe, kwa hiyo unakuwa umejifungia ile draiva ambayo ingekufaa na uliyoiweka haikufai. Ndio maana nasisitiza ile namba ya kadi, watu wanaona jina la kampuni wanadhani draiva zote ni moja. Na yale maelezo ya zamani ya kutumia draiva ya Windows ndani ya Linux, ya ndiswrapper na bcmwl5.inf, yaacheni yapumzike, b43 imo ndani ya kerneli yenyewe tangu 2.6.24 ya 2008.

Jumapili mchana

Taa imewaka ila orodha ya mitandao tupu. Nikapiga rfkill list, amri inayoonyesha kama wifi imezuiwa:

0: phy0: Wireless LAN
 Soft blocked: no
 Hard blocked: yes

Soft ikiwa yes unaiondoa kwa rfkill unblock wifi. Hard ikiwa yes hakuna amri itakayokusaidia, ni swichi ya kidole. Kitufe cha wifi kwenye hii mashine kiko juu ya kibodi, kimechoka, kinahitaji kubonyezwa kwa nguvu na kushikiliwa kidogo. Nikabonyeza, hard ikawa no, mitandao ikatiririka.

Paswadi, imekubali, anwani imepatikana, tovuti zinafunguka, vyeti havilalamiki. Firefox kwenye RAM ya GB 1 inatembea ukiwa na tabo mbili tatu, ukizidisha unasikia diski inaanza kusaga. Kwa imeili nimemwekea programu ya imeili nyepesi badala ya kufungua kwenye brauza, na tofauti ni kubwa.

Jumapili usiku

Mtandao umepotea. Yaani haujakatika, umepotea, jina halimo kwenye orodha, wakati simu zote ziko juu yake. Nikaingia kwenye ruta kuangalia, chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inaongelea, imewekwa otomatiki, na ruta kwa hekima yake imehamia chaneli 13. Hapa kuna kisa cha kale. Marekani chaneli zinazotumika kawaida ni 1 mpaka 11, sehemu nyingine nyingi duniani 12 na 13 zinaruhusiwa, na kadi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa sheria ya 1 mpaka 11 zikabaki hivyo popote zilipopelekwa. Ruta ikihamia 12 au 13 kadi inakuwa kipofu kwa huo mtandao. Na kwa sababu otomatiki inahamahama, tatizo linakuja na kuondoka lenyewe, leo inashika kesho haishiki, mtu anaanza kulaumu hali ya hewa.

Nimeifunga chaneli 6, nyingine zisizoingiliana ni 1 na 11, unachagua ile ambayo majirani wamejaa kidogo. Upana nimeacha MHz 20. Jina likarudi papo hapo.

Nikiwa humo humo nimezima kasi za 802.11b, zile za Mbps 1, 2, 5.5 na 11. Kadi ya mjomba inajua g kwa hiyo haizihitaji, na kifaa kinachoongea kwa Mbps 1 kinakalia hewa muda mrefu wakati wenzake wa chaneli hiyo wanasubiri. Kama una kifaa cha b tupu usifanye hivi, utakifungia nje.

Jumanne

Mjomba kaja na lawama, na ana haki. Printa haionekani. Intaneti ipo, imeili inaingia, printa iko chumba cha pili imewaka, simu zinachapa, laptopu inasema hakuna printa.

Ni mtandao wa wageni. Kazi yake hasa ni hiyo, kumpa mgeni intaneti na kumnyima kuona vitu vya ndani ya nyumba. Printa inajitangaza kwenye mtandao wa nyumbani, tangazo haliruki ukuta kwenda kwa wageni. Ningeweza kuzima ule utengano kwenye ruta, ila basi si wageni tena, kila anayepewa paswadi ya wageni atakuwa anaona printa na kila kitu.

Hapa nimefikiria upya. Niliiweka kwa wageni kwa sababu ilikuwa XP, na XP nisingeithubutu kuilaza chumba kimoja na vifaa vingine. Sasa ina Debian inayopata masasisho ya usalama, ulinzi wake ni wa leo hata kama chuma ni cha 2005, sasa kwa nini ibaki nje? Kinachoamua ni mfumo uliomo.

Kwa hiyo nimetenganisha majina. GHz 5 imebaki na jina la zamani na WPA2/WPA3, simu na mashine mpya zimekaa huko na hazijui kama kuna kilichobadilika. GHz 2.4 nimeipa jina lake, WPA2 ya AES peke yake, laptopu ya mjomba na printa ziko huku, na zote mbili ni mtandao mmoja wa nyumbani kwa hiyo zinaonana. Mtandao wa wageni nimeuzima. Jambo la kuangalia ni kwamba vifaa vingine vya nyumbani vya GHz 2.4 vilivyokuwa vinatumia lile jina la zamani vitahitaji kuunganishwa upya, nilikuwa na vitatu hivi.

CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, ikaiona printa yenyewe bila kutafutiwa draiva, printa nyingi za miaka ya karibuni zinaongea IPP, lugha ya kuchapa kupitia mtandao, moja kwa moja. Ukurasa wa kwanza uliotoka ni barua aliyokuwa ameianza tangu Jumatatu.

Alhamisi

Bado kulikuwa na kero moja, ukifunga kifuniko mashine ikalala halafu ukaifungua, wifi inaonyesha imeunganishwa ila haipitishi kitu. Draiva haiamki vizuri kutoka usingizini. Nimeandika faili dogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/ linalofanya modprobe -r b43 kabla ya kulala na modprobe b43 baada ya kuamka. Linachelewesha sekunde chache, mjomba hajagundua. Nimezima pia kuokoa umeme kwa wifi kwenye NetworkManager, wifi.powersave=2, kwa sababu betri yenyewe ya hii laptopu haivuki nusu saa, muda wote iko kwenye chaja, sasa tunaokoa umeme wa nini.

Kasi nimepima kwa kukopi faili kubwa kutoka kompyuta nyingine ya humu ndani, inacheza kwenye MB 2.3 kwa sekunde, kama Mbps 18. Mtu anaweza kuona Mbps 54 ya kadi iko wapi, lakini ile 54 ni kasi ya hewani pamoja na maongezi yote ya kupeana zamu na kuthibitisha kila pakiti, kwa g ukipata ishirini hivi umeifikisha mwisho wake. Kwa barua na imeili ni nyingi kupita kiasi.

Kwa wenye mashine ambayo kadi yake imekufa au mfumo wake haujui WPA2 hata kwa dawa, mfano Windows 98, njia nilizokuwa nimeziweka akiba ni mbili. Adapta ya USB, na hapo kwa Linux ningetafuta yenye chipu ya AR9271 maana fimwea yake ni huria na Debian wanayo, kwa hiyo ule mzunguko wa kuku na yai haupo. Au ruta ya zamani inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa ruta, unaigeuza iwe mteja wa wifi halafu kebo fupi inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inadhani iko kwenye waya tu na mambo ya WPA haiyajui kabisa. Hii ya pili naipenda zaidi kwa mashine za kale sana, ila inataka tundu la kebo zima, na ndio inanirudisha kwenye zile pini mbili. Sindano ninayo, ninachosubiri ni mjomba amalize barua zake aniachie mashine hata asubuhi moja.